Mstari wa Mulamula Kando ya Nyarubale

Benadeta hakuomba uenyekiti. Siku kamati ya kijito ilipoundwa alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango wa ofisi ya kijiji, akitafuta nafasi ya kunyoosha goti lake la kulia, ambalo humsumbua kila mvua zinapokaribia. Wanaume walitajwa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetajwa alisimama kueleza udhuru wake. Huyu alikuwa na kwaya, yule ana ng'ombe mgonjwa, mwingine alikuwa anaezeka. Ndipo Jenifa, jirani na rafiki yake, alipopaza sauti kutoka benchi la mbele.

"Mpeni Bena. Maji yanamjua kwa jina. Kila masika yanamtembelea mpaka chumbani, hayapigi hata hodi."

Watu walicheka, wakapiga makofi, na shauri likaishia hapo. Tangu siku hiyo baadhi ya watu wa Igurwa walimwita Mama Kijito. Yeye hakulipenda jina hilo, lakini hakuwa na nguvu ya kulikataa.

Aliolewa Igurwa akitokea Nyakakika, zamani zile ambapo kijito cha Nyarubale kilikuwa bado kinatembea kama mlevi. Kilipita katikati ya mafunjo, kikapinda huku, kikapinda kule, kikasimama kwenye madimbwi kana kwamba kimesahau kinakokwenda. Wanawake waliteka maji humo, na wanaume walitega migono wakapata kambare. Mvua kubwa ikinyesha, bonde zima lilijaa polepole kisha likapungua polepole, na hakuna aliyeliita hilo mafuriko.

Kisha vijana wa kijiji walikubaliana kulima bondeni. Walifyeka mafunjo, wakachimba mtaro ulionyooka kutoka juu mpaka kwenye kalavati la barabara, na maji yote wakayaingiza humo. Benjamin, mume wa Benadeta, alikuwa mmoja wao, na alikuwa na haki ya kujivunia kazi hiyo. Kwa miaka mingi bonde liliwapa watu maharage na kabichi wakati wa kiangazi, migomba ya mlimani ilipokuwa imenyong'onyea kwa jua. Watoto wao walisomeshwa na kabichi hizo. Hakuna aliyefikiri kwamba maji yaliyonyimwa mahali pa kupumzika yangekwenda kupumzika kwa mtu.

Mtu huyo alikuwa Benadeta. Kibanja chake, yaani nyumba na shamba lake la migomba na kahawa, kiko mwisho wa mteremko, juu kidogo ya kalavati, mahali ambapo mtaro unaleta maji mengi kwa mara moja na kalavati linashindwa kuyameza. Benjamin alifariki kabla ya kuyaona yakifika nyumbani. Mjane wake ndiye aliyeyaona. Mwaka mmoja yalichukua matandazo yote ya migomba. Mwaka uliofuata yaliozesha mizizi, na migomba ikalala chini na mikungu yake michanga. Masika iliyopita ukuta wa jiko ulianguka asubuhi, akiwa amesimama nje na sufuria mkononi. Miaka yote hiyo mawingu yakitanda alipandisha magunia ya maharage juu ya kitanda, akavaa buti, akaketi kusubiri. Hakulala mvua ikinyesha, iwe mchana au usiku.

Kwa hiyo mradi ulipokuja, yeye alikuwa na jambo moja tu alilolitaka: nyumba yake ivuke masika inayofuata ikiwa kavu. Mengine yote aliyasikiliza kwa heshima.

Mradi uliletwa na shirika dogo, na mtaalamu wake alikuwa kijana aitwaye Luqman, mzaliwa wa Bukoba mjini, mtoto wa wauza vitambaa. Alikuwa mpole, na alieleza mambo kwa namna ambayo kila mtu aliielewa. Mtaro ungevunjwa. Kijito kingerudishiwa kona zake. Katika kona hizo yangechimbwa madimbwi ya kina kidogo, kingo zingepandwa mafunjo na matete, na mawe yangepangwa pale maji yanapokwenda kasi. Maji yangepungua mwendo, samaki wangepata mahali pa kutagia, na kalavati lingepokea kile tu linachoweza. Ila kijito kinachozunguka kinahitaji nafasi. Mahali palipofaa zaidi ni upande wa pili wa mtaro, palipo chini, na hapo ndipo penye bustani ya kabichi ya Byabato.

Byabato ni mdogo wake Benjamin. Alipoulizwa mkutanoni kama angetoa ukanda wa bustani, alijikuna shingo akasema, "Tutaona."

Mwenyekiti wa kijiji alilichukua hilo kuwa ndiyo. Benadeta, aliyeishi na ukoo huo kwa miaka mingi, alijua kwamba si ndiyo wala si hapana. Ni neno la mtu anayesubiri wenzake wachoke.

Na kuchoka kulikuwepo kwa wingi. Luqman alipima ukanda huo na kupigilia vigingi vya mti vyenye utepe mwekundu, ili watu wauone mpaka wa maji kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuupitisha. Alieleza wazi kwamba uchimbaji lazima ufanyike kiangazi hicho, ardhi ikiwa kavu. Kama watu wa Igurwa wasingekubaliana, shirika lingepeleka nguvu zake kwenye kijito kingine, na watu wa Nyakakika walikuwa tayari.

"Watu wa kwenu hao," Jenifa alimtania. "Wanakusubiri uchoke, wachukue."

"Waambie wasisubiri sana," alijibu Benadeta. "Nimeshachoka."

Vigingi havikudumu. Vingine vilionekana vikifungiwa mbuzi. Vingine vilipikia maharage. Utepe mwekundu ulionekana kwenye nywele za wasichana waliokuwa wakienda kanisani. Kila vilipopotea, Benadeta na Jenifa walishuka bondeni, wakafuata alama zilizobaki, wakachonga vingine na kuvipigilia. Baada ya juma viliondoka tena. Goti lilivimba. Siku moja alirudi nyumbani akakaa kizingitini bila kuvua buti. Pembeni mwa ua wake ulisimama mulamula, ule mmea wa majani marefu ambao kila kibanja huku kinao. Aliutazama kwa muda, kisha akaingia ndani akatoka na panga.

Mulamula ukikatwa kipande na kuchomekwa ardhini, unaota. Hauliwi na mchwa, hauna faida jikoni, na mbuzi haugusi. Zaidi ya hayo, mtu yeyote wa Karagwe anajua kwamba mulamula ndio mpaka. Unaposimama mulamula, ndipo cha mtu kinapokoma na cha jirani kinapoanza. Anayeung'oa bila ukoo na majirani kushuhudia anatafuta balaa.

Jenifa alimkuta bondeni akiwa amekwisha kuchomeka vipande kadhaa kando ya kabichi za Byabato.

"We Bena! Huo si mti wa kuchezea. Utaonekana unagawa urithi."

"Sigawi kitu. Naweka alama."

"Alama gani ya mulamula?"

"Alama isiyoibwa. Niambie, nani ataugusa?"

"Hakuna atakayeugusa," Jenifa alisema. "Ndicho ninachokuambia."

Lakini naye aliinama akamshikia vipande, kwa sababu jua lilikuwa kali na mwenzake alikuwa amechoka, na wakaumaliza mstari wote kabla ya jioni.

Asubuhi Byabato alifika uani bila kubisha hodi. Alisimama mbali na mlango.

"Shemeji, nani amekufa?"

"Hajafa mtu, waitu shemeji. Karibu ukae."

"Sikai. Kama hajafa mtu, urithi unaogawanywa bondeni kwangu ni wa nani?"

Benadeta alieleza habari za vigingi, mbuzi na utepe mwekundu. Byabato alimsikiliza akitazama juu ya kichwa chake, kama mtu anayesubiri redio imalize matangazo.

"Umekaa nyumbani kwetu miaka mingi," alisema mwishowe. "Umezaa hapa. Lakini huku mwanamke aliyeolewa hapandi mulamula. Ukoo ndio unaopanda. Wewe umesimamisha mpaka kwenye ardhi ya baba yangu, na kesho Jovitus wako atakuja aseme, mpaka wa mama ule pale."

"Jovitus hana habari na kabichi zako. Ana biashara yake Nkwenda."

"Leo hana habari. Ardhi ikishakuwa na mpaka, habari huja zenyewe."

Hakuung'oa. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Angeung'oa kwa hasira, kosa lingekuwa lake. Aliuacha umesimama, akaenda kumwita msemaji wa ukoo.

Luqman alipofika na pikipiki yake na kuona mstari wa majani mabichi mahali pa vigingi vyake, alizima injini akavua kofia ngumu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, huu ni mulamula."

"Naujua."

"Hata sisi wa mjini tunaujua." Alikaa juu ya jiwe, akauficha uso kwa viganja. "Mkutano mkuu hautapitisha kitu chenye mgogoro wa mpaka. Na ofisini nimeshawaambia tunaanza mwezi ujao."

Benadeta alitaka kumwomba radhi, akaenda kuleta kikombe. Alimmiminia uji. Kijana aliunywa wote, akashukuru, akamweleza kwa sauti ya chini ile njia nyingine ambayo hakuwahi kuitaja mikutanoni. Ikiwa upande wa Byabato ungeshindikana kabisa, maji yangeweza kupewa nafasi upande huu, ndani ya kibanja chake mwenyewe. Lakini yangehitaji sehemu yote ya chini.

"Kahawa," alisema Benadeta.

"Kahawa yote, mama. Na nyuma ya kahawa hatua kadhaa."

Benadeta alichukua kikombe kitupu. Alijua kilichokuwapo nyuma ya kahawa.

Jioni Jovitus alipiga simu. Habari zilikuwa zimefika Nkwenda kabla ya gari la ndizi.

"Mama, waachie. Kijito chao, ukoo wao, waache wazame nacho. Nina chumba cha nyuma hapa dukani. Njoo upumzike."

"Nani ataliangalia kaburi la baba yako huku juu mgombani?"

"Baba amelala kwake, mama. Hahitaji kuangaliwa."

"Nitafikiri."

Na kweli alifikiri. Aliwaza chumba cha nyuma chenye sakafu ya saruji, mahali ambapo mvua ni kelele tu juu ya bati. Si jambo dogo kwa mtu aliyepandisha magunia kitandani miaka yote hiyo. Kama Byabato angekuja wakati huo akasema neno moja la ukali, huenda angefunga nguo zake. Lakini Byabato hakuja, na asubuhi kulikuwa na migomba ya kupogoa.

Ukoo ulikaa Jumapili baada ya ibada, uani kwa Byabato. Msemaji wao alikuwa Protase, binamu yao mnene mwenye kupenda kesi, ambaye alikuja amevaa koti ingawa kulikuwa na joto. Kibuyu kidogo cha kahawa za kutafuna kilizunguka mkono kwa mkono. Kilipofika kwa Benadeta kilimruka, kikaenda kwa Jenifa, aliyekuja kama shahidi. Jenifa alikitazama, akakirudisha bila kuchukua hata punje moja.

"Huli?" aliuliza Byabato.

"Jino linauma," alijibu Jenifa. "Limeanza sasa hivi."

Protase alikohoa akaanza. Alieleza kwa urefu mulamula ni nini, kana kwamba kulikuwa na mgeni. Kisha akaweka shauri: ama Benadeta aung'oe mbele yao wote, akiri kwamba alipanda asipostahili, na habari za maji kuingia bustanini kwa Byabato zife hapo hapo, ama aseme kwamba ni mpaka kweli, na aeleze mbele ya wanaume wa ukoo anadai nini.

"Sidai kitu," alisema Benadeta.

"Basi ung'oe."

"Nitaung'oa."

Byabato aliinua uso. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, na sasa hakujua aweke wapi maneno yake.

"Nitaung'oa leo, nyote mkiona," Benadeta aliendelea. Hakusimama, kwa sababu goti halikumruhusu. "Nimechoka, waitu. Nimechoka na vigingi, nimechoka na vikao, nimechoka kulala na magunia ya maharage kama waume zangu."

Jenifa alitokwa na cheko, akaliziba kwa mkono.

"Lakini maji hayatang'oka. Yatakuja masika kama kawaida. Yasipopewa nafasi kwa shemeji, nitayapa kwangu. Mulamula huohuo nitauvusha mtaro niupande kwenye kibanja changu, na mshuhudie. Kahawa aliyopanda Benjamin nitaikata yote. Yule kijana amesema hata hivyo haitatosha. Maji yatapita nyuma ya kahawa."

"Nyuma ya kahawa kuna nini?" aliuliza Protase.

"Kuna mama mkwe wangu."

Mama yao Byabato na Benjamin alizikwa pale kwa sababu ndipo palipokuwa na nyumba yake ya kwanza. Benjamin alipogawiwa sehemu hiyo ya kibanja, aligawiwa pamoja na kaburi.

"Usimwingize mama kwenye maji yako!" Byabato alifoka, akasimama.

"Ameshaingia, shemeji. Masika iliyopita kaburi lilititia. Mimi na huyu Jenifa tulibeba udongo kwa karai tukamfunika. Nilituma mtu kukuita, ukasema una kabichi za kupeleka sokoni."

"Aliniambia unaniita kwa habari ya kaburi?"

"Alikuambia nakuita. Hukuuliza."

Byabato alitazama upande wa Protase, lakini Protase alikuwa anavua koti. Basi akachukua kofia yake, akatoka uani, akaanza kushuka kuelekea kaburini. Wengine walimfuata. Benadeta alifika wa mwisho, ameshikwa mkono na Jenifa.

Kaburi lilikuwa limeinama upande mmoja kama kitanda kilichovunjika mguu. Udongo ulioongezwa ulikuwa na rangi tofauti na ule wa zamani. Kwenye shina la mulamula uliopandwa kichwani mwa kaburi, tope la mafuriko lilikuwa limekauka, likiacha mstari wa kijivu uliofika magotini mwa mtu mzima. Byabato alipiga goti, akaanza kung'oa magugu kwa mikono. Hakulia. Aling'oa magugu yote, hata yale yaliyokuwa mbali na kaburi. Jua lilikuwa kali na Protase alijipepea na kofia.

"Kabichi nitatoa," alisema Byabato mwishowe, akiwa bado amewapa mgongo. "Migomba sitoi."

"Nani amekuomba migomba?" aliuliza Jenifa.

"Nasema mapema. Mnaanza na kabichi, mnaishia kitandani kwa mtu."

Walishuka hadi kwenye mstari. Byabato aliukagua, akahesabu mistari ya kabichi kwa midomo, akasema mpaka urudi nyuma hadi usawa wa mparachichi uliokuwa pale bustanini. Benadeta alijua kwamba hapo ni pungufu ya alivyopima Luqman. Alijua pia kwamba ndicho kikomo cha yule mtu kwa siku ile, na pengine kwa siku zote.

"Kilichopungua nitakijaza mimi," alisema. "Kahawa ya chini."

"Yote?" Byabato aliuliza.

"Mpaka hatua chache kabla ya mama."

Byabato aligeuka akatazama kule juu kaburini. Lakini hakuusogeza mpaka wake hata mstari mmoja wa kabichi.

Benadeta aling'oa mulamula wake mbele ya ukoo, kipande baada ya kipande, akaomba radhi kama ilivyotakiwa. Kisha Protase, aliyefurahi sana kwamba kesi imepata kazi ya mikono, aliwaongoza kuupanda upya, safari hii pande zote mbili: mmoja usawa wa mparachichi, mwingine ndani ya kahawa ya Benadeta. Byabato alipanda wa kwake, Benadeta akaambiwa apande wa kwake. Kilichobaki katikati, Protase alitangaza kwa sauti ya kikanisa, si cha huyu wala si cha yule, na atakayepanda hapo hata mche wa nyanya atamjibu yeye.

"Na kambare je?" Jenifa aliuliza. "Nao wakujibu wewe?"

Luqman alikuja kupima siku iliyofuata. Alichora upya, akafuta, akachora tena. Benadeta alimuuliza swali moja tu, kama nyumba itavuka.

"Kwa mvua za kawaida, ndiyo, mama. Kwa mvua kama ile iliyoangusha jiko, nadhani ndiyo. Ikija kubwa kuliko hiyo, siwezi kukuahidi."

"Hata mimi nisingeahidi," alisema Benadeta.

Kahawa aliikata mwenyewe. Jovitus alikuja kutoka Nkwenda kumsaidia, akafanya kazi akiwa amenuna. Mibuni mingine ilikuwa na matunda mekundu, na mama yake alimkataza kuikata kabla hajayachuma.

"Kahawa ya baba hii," alisema Jovitus.

"Najua ni ya nani. Nilikuwa nimeshika miche yeye akichimba mashimo."

"Nasema tu."

"Sema tu, lakini kata."

Mkutano mkuu ulipitisha mradi kabla ya chakula cha mchana. Kiangazi kizima watu walichimba bondeni kwa majembe na sururu, pamoja na mtambo mmoja mdogo ulioharibika mara kwa mara. Mtaro ulionyooka ulifukiwa, ukaonekana kama kovu, na kijito kikaanza tena kupinda. Yalichimbwa madimbwi. Mafunjo yalitolewa bonde la juu yakapandwa kwenye kingo, na kwa muda mrefu yalionekana kama yamekufa. Benadeta, mwenyekiti wa kamati, alishinda hapo kila siku juu ya ndoo iliyofunikwa, akiamua ugomvi wa nani amechimba sehemu ya nani. Wageni walikuja kupiga picha, wakamwomba atabasamu. Mwishoni mwa kazi Luqman alimuuliza kama angependa kuendelea na uenyekiti kipindi kingine. Benadeta alimtazama kwa muda mrefu, na kijana huyo akasema, "Basi, mama, tutazungumza siku nyingine."

Vuli ilikuja na manyunyu tu, haikupima kitu. Mvua yenyewe ilikuja katika masika, Jumanne, kuanzia asubuhi. Ilikuwa mvua nzito, isiyo na upepo, ya aina ambayo watu wa huku wakiisikia huacha kuzungumza. Jenifa alifika mbio, amejifunika gunia kichwani, ili asaidie kupandisha maharage kitandani kama miaka yote. Walipandisha yote. Kisha wakakaa mlangoni, wamevaa buti.

Maji yalikuja. Yalifika na matawi na majani ya migomba, yakagonga kona ya kwanza, yakazunguka. Yakajaa dimbwi, yakapanda juu ya mafunjo, yakatambaa ndani ya visiki vya kahawa. Yalikuja polepole mno kiasi kwamba kusubiri kulichosha kuliko woga. Kufikia mchana yalikuwa yameufikia mulamula upande huu. Majani ya chini yaliloa, yakaanza kutikisika. Wanawake wale wawili waliinamia mbele kuyatazama. Maji yalisimama hapo. Hayakuongezeka, hayakupungua.

"Bena," alisema Jenifa.

"Usiseme bado."

Jenifa alisubiri mpaka akashindwa, akaenda kwake kuwaangalia kuku. Mvua iliendelea. Baadaye kidogo Byabato alionekana akija kwa njia ya juu, akizunguka bonde, amevaa koti la mvua lililopasuka begani. Hakuja moja kwa moja nyumbani. Alisimama kwanza kaburini, akainama akashika udongo, kisha ndipo akapanda.

"Hodi hapa."

"Karibu, shemeji."

"Maji yamechukua mistari miwili zaidi ya kabichi. Yamevuka mparachichi."

"Pole."

"Si pole. Nilikuwa nasema tu." Aliketi kwenye kigoda, akakung'uta kofia. "Mama ni mkavu."

"Nimemwona."

Walikaa wakitazama. Mbele yao lile eneo lisilo la mtu lilikuwa limegeuka ziwa dogo la rangi ya chai ya maziwa. Ndege mweupe wa miguu mirefu alisimama ndani yake. Byabato alianza kuzungumza. Alisema mpaka wa upande wake huenda ungesogezwa kidogo kiangazi kijacho, kama wangempa mawe ya kukinga migomba. Alisema Protase amekwisha kudai kwamba wazo lote lilikuwa lake. Alisema kuna mtu amemwambia ameona kambare pale kona ya pili, ingawa huyo mtu ni mwongo wa kuzaliwa. Alisema kamati inahitaji mtu mwenye sauti, na kwamba kama shemeji yake amechoka kweli, yeye angeweza kufikiria, si kwamba anautaka, ila angeweza kufikiria.

Hakujibiwa. Aligeuka. Benadeta alikuwa amelala, kichwa kimeegemea mlango, buti miguuni, mdomo wazi kidogo, na mvua ikiendelea kunyesha juu ya bati. Byabato alivuta kigoda chake taratibu mpaka kizingitini, akaketi akiyatazama maji.